Kuosha Rejeta Peke Yake Hakutoshi: Mwongozo Kamili wa Kusafisha Mfumo wa Kupoza Injini

"Fundi, rejeta nimeosha Jumamosi, mbona leo Jumatano gari limechemsha tena?"

Swali hili naletewa karibu kila wiki. Linatoka kwa dereva wa Noah wa Usa River, kwa mwenye pikapu ya kushusha ndizi kutoka Marangu, kwa kijana anayeendesha Land Cruiser ya watalii. Nikimuuliza mtu alichofanya, majibu yanafanana: alifungua koki ya chini, akamwaga maji machafu, akaingiza mpira wa bustani juu mpaka yakatoka safi, akajaza maji ya bomba, akafunga mfuniko.

Kazi hiyo ina mapungufu matatu. Ameosha rejeta, lakini uchafu mwingi umelala ndani ya bloku ya injini, yaani mwili wake mkubwa wenye silinda. Amejaza tena maji yenye madini yaleyale yaliyoziba mara ya kwanza. Na hakutoa hewa. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi, hata mafundi, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kazi nzima inachukua nusu siku. Panga siku ambayo gari halina safari, na uanze asubuhi likiwa limelala usiku kucha.

## Andaa hivi kabla hujagusa spana

- Kulanti (dawa ya maji ya rejeta, "coolant") isiyochanganywa na maji, ya aina inayotajwa na kitabu cha gari lako. Gari dogo la silinda nne hubeba kati ya lita 5 na 8 kwenye mfumo mzima. Land Cruiser kubwa za dizeli hupita lita 10. Utahitaji nusu ya ujazo huo.
- Maji yasiyo na madini, lita 15 hadi 20. Yanauzwa kama maji ya kuongezea betri. Soma lebo kwa makini, kwa sababu duka hilohilo huuza pia asidi ya betri, na kuna watu wanaoita vyote viwili "maji ya betri". Asidi ikiingia kwenye rejeta, umeiua.
- Dawa ya kusafishia rejeta iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kwa alumini.
- Mfuniko mpya wa rejeta wenye namba ileile ya mgandamizo kama wa zamani, kwa mfano 0.9 au 1.1.
- Thamostati mpya (valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) na mpira au gasketi yake. Ikiwa iliyopo inapita majaribio nitakayoeleza, hii mpya utairudisha dukani.
- Beseni pana la kukingia, madumu ya kuwekea uchafu, na chupa ya lita 1 ya kupimia.
- Spana, bisibisi, koleo na klipu mpya za mipira.
- Mpira wa bustani, brashi laini, tochi, glovu na miwani ya kukinga macho.
- Faneli. Chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa kitako inafaa, mradi mdomo wake ubane vizuri kwenye shingo ya rejeta.

Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanaweza kusaidia kwenye kusuuza. Acha mvua za mwanzo zioshe bati, kinga zinazofuata, chuja kwa kitambaa. Maji ya bomba yatumie kwa masuuzo ya kwanza tu.

Ukiwa na shaka kuhusu maji ya bomba, chungulia birika lako la chai. Maji ya ukanda wa Meru yanapita kwenye miamba ya volkano, ndiyo maana yanajulikana kwa floraidi inayotia meno rangi ya kahawia. Floraidi yenyewe haizibi rejeta, lakini inakuonyesha kwamba maji haya yamebeba mengi kutoka ardhini. Ule ukoko unaougandua kwenye birika huota pia ndani ya injini, tena pale penye joto kali zaidi.

## Kwanza hakikisha ugonjwa ni uchafu

Kusafisha hakutibu gasketi iliyoungua ya silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini. Kabla ya kununua dawa, angalia haya:

- Mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au kuna povu zito chini ya kifuniko cha kujazia mafuta.
- Moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi hata injini ikishapata moto.
- Mfuniko ukiwa wazi na injini ikiwashwa ikiwa baridi, mapovu yanapanda mfululizo bila kukoma.
- Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto.

Ukiona moja ya hizi, acha. Peleka kwa fundi wa injini. Ukiendelea na dawa utapoteza hela na siku, na hedi itazidi kupinda.

## Hatua ya 1: Subiri injini ipoe kabisa

Maji yaliyofungiwa ndani ya mfumo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu yamegandamizwa. Ukifungua mfuniko, mgandamizo unatoka na maji yanageuka mvuke papo hapo, yakirukia uso na mikono. Mimi nina kovu la mkono wa kulia tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji. Nilifunga kitambaa mkononi, nikaamini kitambaa.

Bonyeza mpira wa juu kwa vidole. Ukiwa baridi na unabonyea kirahisi, endelea. Ukiwa na joto au mgumu, rudi baada ya saa moja.

Toa ufunguo kwenye gari. Feni ya umeme huweza kujiwasha yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na vidole vyako vitakuwa karibu nayo.

## Hatua ya 2: Safisha nje ya rejeta

Hapa wengi hupita haraka, na kwa magari ya huku naona hapa ndipo nusu ya tatizo lilipo. Gari linalokwenda Simanjiro au Longido linarudi na vumbi jembamba, mbegu za nyasi na wadudu. Vyote hivyo hupita kwenye kondensa ya kiyoyozi, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, na kukwama katikati, kati ya kondensa na rejeta. Ukichungulia kwa mbele unaona pasafi. Mwanga wa tochi ukiuelekeza kutoka upande wa injini, unakuta blanketi la vumbi limelala pale.

Rejeta hupoza kwa kupitisha upepo katikati ya vibati vyembamba sana. Upepo usipopita, maji ya ndani hata yawe safi kama ya chemchemi hayapoi.

Fanya hivi:

1. Acha mfuniko wa rejeta umefungwa, ili uchafu usiingie ndani.
2. Ondoa kava la feni au kava la juu kama linatoka kwa bolti chache. Kwenye magari mengine inabidi ulegeze rejeta yenyewe na kuisogeza kidogo ili mkono na maji vifike katikati.
3. Vumbi likiwa kavu, anza na brashi laini, ukifuata mwelekeo wa vibati. Upepo wa kompresa unafaa ukiushika mbali na kupuliza kwa mnyoofu.
4. Nyunyiza maji ya sabuni laini, acha dakika 10, kisha suuza kutoka upande wa injini kwenda mbele ya gari. Uchafu uliingia kwa mbele, utoke kwa mbele. Ukisuuza kwa mbele unausukuma uzidi kukwama.
5. Rudia mpaka maji yanayodondoka chini yawe safi.

Onyo: Usikubali mashine ya presha ya kuoshea magari ielekezwe kwenye rejeta kwa karibu. Inalaza vibati vyote kwa sekunde chache, na kibati kilicholala ni ukuta. Vichache vilivyopinda vinyooshe taratibu kwa ncha ya bisibisi ndogo.

Umefanikiwa pale mwanga wa tochi upande wa injini unapoonekana ukiwa mbele ya gari, karibu kila sehemu ya rejeta.

## Hatua ya 3: Mwaga ya zamani, na uitazame

Weka beseni chini ya rejeta. Fungua mfuniko wa juu kwanza, kisha koki ya chini. Koki nyingi ni za plastiki na huvunjika, kwa hiyo tumia vidole au koleo kwa upole. Kama imeganda, iache, vua mpira wa chini.

Toa pia kopo la akiba ulioshe peke yake. Tope la kopo hilo hurudi ndani ya rejeta kila injini inapopoa na kuvuta maji.

Kabla hujamwaga, tazama kilichotoka:

- Kahawia yenye kutu: gari limekuwa likitumia maji matupu. Jiandae kurudia dawa mara mbili.
- Uji mzito au jeli: kulanti za aina tofauti zilichanganywa.
- Mafuta yanayoelea juu: rudi kwenye dalili za gasketi.
- Rangi ya maziwa ya waridi, kwenye gari la otomatiki: magari mengi ya otomatiki hupoza mafuta ya giaboksi ndani ya tangi la rejeta. Ukuta wa ndani ukitoboka, maji na mafuta hayo hukutana. Usiendeshe. Rejeta inabadilishwa, na giaboksi inahitaji kushughulikiwa haraka.

Pima kilichotoka kwa chupa ya lita moja, uandike. Kitakuwa kidogo kuliko ujazo ulioandikwa kwenye kitabu. Tofauti hiyo ndiyo iliyobaki kwenye bloku na kwenye hita, na ndiyo uliyokuwa ukiiacha miaka yote.

## Hatua ya 4: Pitisha dawa kwenye mfumo mzima

Funga koki, jaza maji, weka dawa kwa kipimo cha lebo. Washa injini, fungua hita mpaka mwisho upande wa moto. Kama gari lina hita ya nyuma, kama Noah nyingi, nayo ifungue. Bila hivyo mabomba ya hita hayapati dawa.

Injini lazima ipate moto wa kutosha thamostati ifunguke. Utajua kwa mpira wa juu wa rejeta, ambao utapanda joto ghafla. Anza kuhesabu muda wa lebo kuanzia hapo. Mshale wa joto ukipita katikati, zima.

Baada ya muda wa dawa kwisha, zima, subiri ipoe kabisa, kisha mwaga. Naam, unasubiri tena.

Usitumie kostiki ya kutengenezea sabuni. Inakula alumini, na ikifanya hivyo hutoa gesi inayoshika moto. Usitumie dawa ya choo wala asidi ya betri. Sabuni ya unga nayo iache, kwa sababu povu lake halitoki kirahisi, na povu ni hewa.

Kwenye gari kuukuu, dawa inaweza kufichua tundu lililokuwa limezibwa na kutu. Tundu hilo lilikuwepo tayari, na ni bora lionekane nyumbani kuliko kwenye mlima wa Mto wa Mbu. Lakini lijue, ili usishtuke.

## Hatua ya 5: Suuza kinyume, rejeta na bloku kila kimoja peke yake

Vua mpira wa juu na wa chini, kisha vua thamostati. Sasa rejeta imetengana na injini.

Rejeta: ingiza mpira wa bustani kwenye tundu la chini, uzungushie kitambaa, fungua maji taratibu yatokee juu. Kwa kawaida maji ya rejeta nyingi huteremka, kwa hiyo ukiyapandisha unabandua kilichonasa kwenye midomo ya mirija. Tumia nguvu ya bomba tu. Matangi ya plastiki hupasuka kwenye maungio yakisukumwa kwa presha.

Bloku: ingiza maji mahali maji ya moto hutokea, yatokee mahali huingilia. Kama injini yako ina kizibo cha kumwagia bloku ubavuni na unakifikia, kifungue. Tope la kutu hukaa chini kabisa, kuzunguka silinda za nyuma, na tundu hilo ndilo mlango wake mfupi.

Hita: vua mipira yake miwili kwenye ukuta wa injini, pitisha maji upande mmoja, kisha mwingine. Kwa upole.

Endelea mpaka maji yanayotoka kwenye ndoo nyeupe yasiwe na rangi wala chembe. Suuza la mwisho lifanye kwa maji yasiyo na madini, ili maji ya bomba yasibaki kwenye pembe za bloku.

Kama rejeta inapitisha maji kwa kujikongoja wakati bomba lina nguvu, imeziba ndani na dawa haikuweza. Ya shaba hufunguliwa na fundi rejeta, akazibua mirija na kuchomea tena kwa risasi. Ya alumini yenye matangi ya plastiki ushauri wangu ni kununua nyingine. Nimeona nyingi zikifunguliwa na kubanwa tena, na chache sana zilizodumu.

## Hatua ya 6: Kagua vifaa kabla ya kufunga

Mfuniko. Kwa mtu wa Arusha, kifaa hiki kidogo kina uzito zaidi kuliko kwa mtu wa Tanga, pwani. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 95. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama 97. Ukifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, ni kama 92. Thamostati nyingi huanza kufunguka nyuzi 82. Kwa hiyo mfuniko usiposhika mgandamizo, umebakiwa na nyuzi 13 tu kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka. Mfuniko mzima wa 0.9 husogeza kuchemka mpaka karibu nyuzi 115. Injini ileile, maji yaleyale.

Tazama mpira wake. Ukiwa mgumu, umepasuka au una alama ya kina ya shingo ya rejeta, tupa. Kisha tazama kivalvu kidogo cha katikati: kivute kwa kucha, kirudi chenyewe. Kikikwama, injini ikipoa haiwezi kuvuta maji kutoka kopo la akiba, na utakuta mpira wa juu umenywea asubuhi.

Thamostati. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ikiwa imening'inia kwa uzi, isiguse kitako. Chemsha. Inatakiwa kuanza kufunguka kabla maji hayajatokota, na kujifunga kabisa ikipoa. Fahamu kwamba, kwa kuwa maji yetu yanatokota nyuzi 95, iliyoandikwa 88 huenda isifunguke mpaka mwisho ndani ya sufuria. Hilo halimaanishi kwamba ni mbovu.

Usiitoe thamostati na kuiacha nje. Nasikia kila siku: "Toa hiyo kitu, gari litapoa." Kwenye injini nyingi za Toyota, kitako cha thamostati ndicho kinachoziba njia ya mkato ya maji joto linapopanda. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye kilima kirefu gari linachemsha zaidi. Kwenye tambarare injini inakuwa baridi mno, inakunywa mafuta na kulika.

Ukiirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu. Ni mlango wa hewa.

Mipira. Ibinye. Ikilia kama karatasi kavu, ikiwa laini kama maandazi, au ikiwa na uvimbe karibu na klipu, badilisha.

Pampu ya maji. Tikisa puli yake. Ikicheza, au ukiona michirizi chini ya kitundu chake kidogo, inakwisha. Mkanda nao ukague nyufa na kulegea.

Feni. Ile ya kuzungushwa na mkanda, izungushe kwa mkono injini ikiwa baridi. Inatakiwa ikaze kidogo. Ikizunguka huru bila kukaza, haitavuta upepo njiani.

## Hatua ya 7: Jaza kulanti kwa hesabu sahihi

Kuna wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu. Kuzuia kuganda ni kazi yake mojawapo tu. Inazuia kutu, inalinda alumini, inalinda sili ya pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka: nusu kwa nusu na maji, huongeza kama nyuzi 7.

Sasa kosa ambalo hata makini hulifanya. Baada ya kusuuza, lita kadhaa za maji zimebaki ndani ya injini. Ukijaza mchanganyiko uliokwisha kuwa nusu kwa nusu, utapunguzwa na maji hayo na kuwa mwepesi. Kwa hiyo:

1. Tazama ujazo wa mfumo kwenye kitabu. Tuseme ni lita 7.
2. Nusu yake ni lita 3.5. Mimina kulanti tupu lita 3.5 kwanza.
3. Malizia kwa maji yasiyo na madini mpaka ijae.

Usizidishe kulanti kwa kudhani ndiyo itapoza zaidi. Maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti tupu.

Rangi isikudanganye. Kijani, nyekundu, bluu ni rangi za watengenezaji, na kulanti mbili nyekundu zinaweza kuwa za aina tofauti. Fuata maandishi ya kopo.

Mimina polepole, mkondo mwembamba. Ukimwaga kwa pupa unafungia hewa chini.

## Hatua ya 8: Toa hewa

Hapa ndipo lile swali la Jumatano linapopata jibu.

Povu la hewa likikaa kwenye silinda hedi, chuma cha pale hakina maji ya kukipoza. Likikaa kwenye pampu, pampu inazunguka bila kusukuma kitu. Likikaa kwenye kihisi cha joto, mshale unaonyesha baridi wakati injini inaungua. Hii ya mwisho imeua injini nyingi, kwa sababu dereva alikuwa akitazama mshale na kuuamini.

1. Egesha gari pua ikielekea juu ya mlima, ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko sehemu nyingine. Arusha na Moshi miteremko haikosekani, hata ya uchochoroni kwako. Vuta breki ya mkono na uweke mawe nyuma ya matairi.
2. Mfuniko wazi, faneli ibane shingoni, na kulanti iwe nusu ya faneli.
3. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka kulanti itoke bila mapovu, kisha ifunge.
4. Fungua hita mpaka mwisho upande wa moto, mbele na nyuma. Washa injini iende taratibu. Kiyoyozi kizimwe.
5. Binya na kuachia mpira wa juu na wa chini mara kwa mara, ukiwa bado hauunguzi. Utaona mapovu yakipanda kwenye faneli. Mikono iwe mbali na feni na mkanda.
6. Thamostati ikifunguka, kulanti itashuka ghafla. Ongeza. Usiache faneli ikauke.
7. Subiri feni ya umeme iwake na kuzima mara mbili. Kwenye feni ya mkanda, kaa dakika 20 baada ya mpira wa chini kupata joto.
8. Kanyaga mafuta kidogo, mizunguko kama 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kaa hapo dakika moja, kisha achia. Rudia mara tatu. Mapovu makubwa ya mwisho hutoka hapa.
9. Mapovu yakikoma, zima, acha joto lishuke, ondoa faneli, funga mfuniko mpaka kituo cha mwisho. Jaza kopo la akiba kati ya alama mbili.

Magari yenye injini chini ya kiti yana mabomba marefu na hewa hujificha. Yape muda mara mbili.

Umefanikiwa pale mambo haya yote yanapotimia: mpira wa juu na wa chini vyote vina joto, hita inapuliza upepo wa moto hata injini ikienda taratibu, mshale umetulia, na husikii sauti ya maji yanayogugumia nyuma ya dashibodi. Hita ikipuliza baridi wakati mshale uko juu, bado kuna hewa. Zima, poza, rudia.

## Hatua ya 9: Jaribu njiani, kwa ngazi

Siku ya kwanza zunguka mtaani dakika 15, kisha egesha na uangalie chini kama kuna tone.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko. Karibu kila mara kiwango kimeshuka kidogo, kwa sababu hewa ya mwisho imetoka usiku. Ongeza. Watu wengi hawafanyi ukaguzi huu mmoja, na gari huwachemshia siku ya tatu au ya nne.

Baada ya hapo jaribu kilima cha wastani: ukiwa Moshi panda kuelekea Kibosho au Marangu, ukiwa Arusha panda hadi Ngaramtoni. Mlima wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu uache mpaka kiwango kisimame bila kushuka kwa siku tatu mfululizo.

Likikuchemshia njiani, zima kiyoyozi, fungua hita yote, egesha. Kama maji yanavuja au mvuke unatoka, zima injini mara moja. Usifungue mfuniko, na usimwagie injini maji baridi, kwa kuwa chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka. Saa nzima ya kusubiri ni rahisi kuliko hedi.

## Uchafu uliomwaga

Kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa huilamba, mbuzi hunywa, mtoto anaweza kuionja. Usiiache kwenye beseni wazi hata dakika tano. Usiimwage kwenye mfereji, na kwa watu wa Moshi nasisitiza: usiimwage kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, kwa sababu chini yako kuna migomba, mifugo na watu wanaochota. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, liandike SUMU, na uulize gereji kubwa inayokusanya oili chafu kama inapokea na kulanti pia, kwenye chombo chake.

## Ratiba ya baadaye

Kila wiki, asubuhi, tazama kopo la akiba. Likishuka mara kwa mara kuna mahali panavuja, patafute kabla ya kuongeza tena. Kila unapobadilisha oili, binya mipira na mulika rejeta kwa tochi. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba, gari la porini lioshwe rejeta kwa nje kila linaporudi safari.

Kulanti ya kawaida ibadilishe kila miaka 2. Zile za muda mrefu hufika miaka 5, ikiwa mfumo ulikuwa safi na maji hayakuwa ya bomba. Kwa gari ulilonunua bila kujua historia yake, hesabu miaka 2.

Na kabla hujafunga boneti, chukua kipande cha karatasi, andika tarehe, kilomita, jina la kulanti na kipimo chake cha maji, ukibandike kwa selotepu upande wa ndani wa boneti. Fundi atakayefungua baada yako, hata akiwa wa Karatu usiku, atajua aongeze nini.